Mkesha wa Pasaka na nta ya nyuki

Usiku wa Jumamosi Kuu nilikesha parokiani kwetu, hapa Tabora, pamoja na mama yangu ambaye sijawahi kumwona akikosa Mkesha wa Pasaka. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha alasiri, kuni zikalowa, na katekista alihangaika sana kabla moto mpya haujawaka nje ya mlango wa kanisa. Padre alichora msalaba kwenye Mshumaa wa Pasaka, akaandika Alfa na Omega pamoja na tarakimu za mwaka, kisha akachomeka punje tano za ubani kwa heshima ya madonda matakatifu ya Bwana. Tukaingia gizani tukiitikia mara tatu, "Tumshukuru Mungu", huku mwanga ukipokezanwa kutoka mshumaa hadi mshumaa.

Ilipoimbwa Mbiu ya Pasaka, ambayo ndani yake nyuki hutajwa kwa kazi yao ya kutengeneza nta, nilimkumbuka marehemu baba, aliyetundika mizinga ya magome katika misitu ya miombo na ambaye kila baada ya kurina asali alichemsha masega na kuyakamua kwa kitambaa hadi nta ya manjano igande juu ya maji. Nililia, nami sikuona haya.

Yalifuata masomo ya Agano la Kale, kisha wimbo wa Utukufu, na kengele zilizonyamaza tangu Alhamisi Kuu zikalia tena. Mama alinishika mkono; vidole vyake vilikuwa na matone ya nta, bado ya moto.