Mzee amenifunza adabu leo

Jumamosi asubuhi hapa Nakuru, baridi bado inauma na Mlima Menengai umejifunika ukungu. Nimefika klabu ya tenisi na raketi yangu ya mtumba (nyuzi nimeshabadilisha mara mbili, msinicheke) nikitarajia kucheza na kijana mwenzangu. Nikapangwa na mzee mmoja, babu wa watu, goti moja limefungwa bendeji.

Nikasema moyoni, leo ni mteremko.

Jamani! Mzee hakimbii. Anasimama tu pale, anaukata mpira kwa chini, unavuka wavu, unagusa udongo na kufia hapo hapo. Mimi niko nyuma nautwanga kwa nguvu zote, nao unapaa hadi kwenye ua. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unakwenda mbali kuliko ungekwenda Mombasa.

"Kijana, usiupige. Usukume."

Seti ya kwanza 6-1. Hiyo moja nadhani alinihurumia. Ya pili nikasukuma kama nilivyoambiwa, nikapata gemu nne. Nilipompitisha mpira juu ya kichwa ukatua ndani ya mstari, alicheka hadi akakohoa.

Baadaye chai ya maziwa na mandazi chini ya mti, soksi nyekundu kwa vumbi, tukamzungumzia Angella Okutoyi, mchezaji wetu wa tenisi wa Kenya, na ule ushindi wake wa Wimbledon ya 2022, wasichana wawili wawili. Mzee akalipa chai.

Namdai marudiano Jumamosi ijayo. Mkono hauinuki hata kuchana nywele.