Ukichangia damu, fuata majibu yako

Timu ya damu salama ikija shuleni kwetu hapa Dodoma, kidato cha sita ndio huwahi foleni. Nawaonea fahari. Ila kila mara nawaambia: usiishie kwenye soda na biskuti. Acha namba ya simu unayopatikana, halafu fuatilia majibu yako.

Mdogo wangu ni bodaboda Chamwino. Alimchangia mke wa rafiki yake aliyekuwa anafanyiwa upasuaji wa uzazi. Alipimwa uzito, akatobolewa kidole, tone likadondoshwa kwenye yale maji ya bluu; likazama moja kwa moja, maana yake damu anayo ya kutosha. Mfuko ukajaa. Nesi akajaza na vichupa vidogo pembeni, akavibandika namba ileile ya mfuko.

Mfuko hauendi wodini mpaka damu ya vile vichupa ipimwe virusi vya UKIMWI, kaswende, homa ya ini B na homa ya ini C. Kimojawapo kikionekana, mfuko unateketezwa.

Alipigiwa simu arudi, akaambiwa ana homa ya ini B. "Dada, mbona macho yangu meupe, hayana umanjano?" aliniuliza, sauti inamtetemeka. Kumbe ugonjwa huu unaweza kukaa mwilini miaka na miaka, macho meupe, hamu ya kula ipo, huku ini linaharibika polepole hadi kusinyaa au kupata saratani. Wifi alikuwa ameshanuna, anahesabu wanawake wa mumewe. Daktari akawaeleza kwamba anayeambukizwa akiwa mchanga ndiye kwa kawaida hubaki na virusi maisha yote; mtu mzima akivipata, mara nyingi mwili huvifukuza wenyewe. Huenda basi mdogo wangu amekuwa navyo tangu utotoni. Maneno yakaisha palepale.

Wifi alipimwa, hana. Akaanza chanjo: sindano ya kwanza siku hiyo, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Watoto walishapata yao kliniki, kwenye zile sindano za wiki ya 6, 10 na 14. Mdogo wangu anahudhuria kliniki, pombe ameacha, dawa bado hajaanzishiwa kwa sababu si kila mwenye virusi huanzishiwa mara moja.

Naumia sana watu wanapomtengea sahani. Homa ya ini B haiambukizwi kwa kula pamoja! Hupita kwenye damu, ngono, na kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Cha kuogopa ni wembe wa kuchangia, maana virusi hivi hukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi.

Na wewe mwenye wasiwasi, usichangie damu ili upate kupimwa. Maambukizi ya juzijuzi yanaweza yasionekane kwenye kipimo, na mfuko ukapita. Nenda hospitali ukapime. Ukipewa ile fomu ya maswali kabla ya kuchangia, ijibu kwa ukweli, hata kama rafiki yako anachungulia.