Turubai la buluu chini ya sakura

Machi inaishia, na Tokyo nzima imekodolea macho mti mmoja. Uko kwenye uwanja wa hekalu la Yasukuni, ndio sakura, yaani mcheri wa maua wa Kijapani, ya mfano ya Idara ya Hali ya Hewa. Maofisa wakihesabu maua 5 au 6 yaliyofunguka, msimu umeanza. Asilimia 80 ya matumba yakichanua, hicho ndicho kilele. Kutoka tangazo la kwanza hadi la pili ni kama wiki moja, baridi ikirudi inazidi. Baada ya hapo petali huanza kupukutika, na mvua ya upepo ikipiga usiku mmoja, kwaheri.

Mji huchanua kwa pamoja kwa sababu sehemu kubwa ya miti yake ni mti uleule. Aina hiyo ya sakura, Somei Yoshino, haizalishwi kutoka kwenye mbegu. Hubebeshwa, kikonyo juu ya shina la mwingine, kama miche ya maembe ya kisasa. Na cheri za kula usizitafute hapo.

Lakini hanami, yaani kuketi chini ya maua, ni kazi ya turubai. Ofisi bado humtuma kijana alfajiri akashike nafasi, na mara nyingi ni mgeni kazini, maana mwaka wa kazi na wa shule huanza Aprili. Wengi hudanganywa na jua la mchana. Likizama, baridi inapanda kutoka ardhini na turubai haliizuii hata kidogo. Tandika kwanza maboksi yaliyofumuliwa, ndipo turubai. Pembeni weka chupa za maji za lita 2 zilikandamize. Vigingi usipigilie, mizizi ya sakura iko juujuu. Viatu vivuliwe, vitiwe kwenye mfuko, la sivyo saa mbili usiku utakuwa unapapasa gizani kati ya jozi 40 nyeusi zinazofanana.

Tawi usilivute kwa ajili ya picha. Wajapani husema mjinga ni anayekata sakura, na mjinga ni asiyekata ume, mti wa plamu wa Kijapani. Kidonda cha sakura huingiwa na kuvu, mti ukaoza kwa ndani.

Cha kula, sakuramochi. Ya Tokyo ni chapati nyembamba ya unga wa ngano iliyokunja maharage matamu yaliyopondwa. Ya Osaka na Kyoto ni ya mchele wa kunata wenye chenga. Zote huvikwa jani la sakura la chumvi. Jani bichi halina harufu ya maana, chumvi ndiyo huitoa. Wengine hulibandua, mimi naona hiyo ni hasara.

Taka unaondoka nazo, kwa hiyo beba mifuko miwili. Na kabla ya kukunja turubai lenye umande, lifute: petali hushika kama stempu, na zikikaa humo siku kadhaa zinakuwa kahawia na utelezi.