Daftari la mhazini ndilo lililonionyesha mipaka ya mradi

Mradi wangu wa kwanza wa mfumo wa wavuti uliniumiza. Tulikubaliana kwa mdomo miezi mitatu, nikaumaliza baada ya miezi tisa, maana kila wiki palikuwa na "ongeza na hiki kidogo." Basi SACCOS moja (chama cha akiba na mikopo) hapa Morogoro iliponiita niwatengenezee mfumo, sikutaja bei. Niliomba kwanza siku mbili za kukaa na mhazini.

Kwenye kikao viongozi walitaja mengi: programu ya simu, ujumbe mfupi kwa wanachama, hata upigaji kura. Mhazini alinyamaza. Kesho yake alipofungua daftari ndipo nikaona kazi yenyewe. Mwanachama mmoja alileta rejesho pungufu. Mama mhazini akashika kalamu nyekundu, akatoa riba kwanza, kilichobaki akakipunguza kwenye deni, kisha akaandika pembeni jina la mdhamini.

"Huyu, mwanangu, nikimpigia mdhamini wake, kesho analipa."

Kikaoni hakuna aliyeligusa hilo, na mimi nisingejua kuliuliza.

Niliandika hati ya kurasa nne. Awamu ya kwanza: wanachama, hisa, akiba, mikopo na wadhamini wake, ripoti ya mwezi. Nikaweka pia nani aone nini, kwa sababu tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, deni la mtu si jambo la kuachwa wazi kwa kila mwenye nywila. Malipo ya simu, mhazini ataingiza namba ya muamala kwa mkono; kuunganishwa moja kwa moja kunategemea mkataba na kampuni ya simu, na tarehe yake siimiliki.

Ukurasa wa mwisho niliuita "Havimo", nikausoma kwa sauti mbele ya bodi. Mwenyekiti alipinga kuhusu programu ya simu. Nikamfungulia kurasa za majaribio za mfumo huu wa wavuti kwenye simu yake mwenyewe, akaridhika, wakasaini.

Wiki ya sita mwenyekiti akataka hesabu ya gawio, yaani faida wanayogawana wanachama. Nikamjazia fomu ya mabadiliko: siku nne za kazi na gharama yake. Akasema, "Ingoje awamu ya pili."

Mfumo ulipoanza, Mama aliendelea na daftari lake mwezi mzima, akilinganisha. Wiki ya tatu akanipigia: hesabu zinatofautiana shilingi 40. Yeye huikadiria riba hadi mia iliyo karibu, na mimi kanuni hiyo sikuiandika popote. Niliiongeza jioni ileile, bila malipo.