Kabla hamjazima kompyuta ya ofisi kwa sikukuu, chukueni bekapu (nakala ya mafaili yenu)

Jumanne ile baada ya Pasaka nimepigiwa simu niko bado kwenye daladala Magomeni, ni mama mhasibu wa duka moja la jumla Kariakoo, hata shikamoo yangu hakuitikia, "Mwanangu kompyuta ya stoo haiwaki na Alhamisi nimeiacha nzima kabisa!"

Mashine ile naijua, ilikuwa inawaka usiku na mchana miaka minne, Alhamisi jioni bosi kasema zimeni kila kitu sikukuu ndefu hii umeme usije ukatuunguzia vitu, na wala hakukosea. Nikafungua kava, nikaweka kiganja juu ya hadi diski, kile kiboksi kinachotunza mafaili yote, nikawasha. Tik, tik, tik, kimya. Inajaribu tena, tik, tik, kimya.

Watu wengi wanadhani ukiizima umeipumzisha. Hadi diski kama hii ikishashika mwendo, sahani zake zinazunguka mara 7,200 kwa dakika na haziombi nguvu nyingi, kazi ngumu ni kuanza kutoka sifuri, hapo inavuta umeme mara mbili au zaidi ya kawaida yake. Mota iliyochoka inaweza kujikokota miaka ikiwa ya moto, ila ikipoa siku nne mafuta ya beringi yanakuwa mazito, vyuma vinasinyaa, ndo unajua kumbe ilishakufa zamani. Kwenye seva, ile kompyuta kubwa inayohudumia ofisi nzima, ni hatari zaidi maana mara nyingi diski zote zilinunuliwa siku moja, zimezeeka pamoja, na RAID 5, mpango wa kuunganisha diski kadhaa zilindane, inavumilia kufa moja tu, zikigoma mbili umekwisha.

Sisemi msizime. Nasema bekapu kwanza kwenye eksteno, yaani diski ya nje, na ufungue faili mbili tatu uone kweli zinafunguka, halafu angalia SMART, ripoti ya afya ambayo diski inajiandikia yenyewe, ukikuta Spin Retry Count (mara ngapi imeshindwa kuanza kuzunguka ikarudia) imeanza kupanda badilisha diski mapema. Na mzime Jumanne ya kabla ya sikukuu fundi yupo, sio Alhamisi saa kumi na moja watu wanawahi magari ya mkoa. Kuna jamaa walimshauri mama ile diski aiweke kwenye friza eti itafufuka, jamani kwa unyevu wa Dar huu, unaitoa tu inatoka jasho mpaka ndani!

Data haikurudi. Nimemfungia SSD, diski isiyo na mota wala sahani, sasa anaingiza ankara moja moja kutoka kwenye mafaili ya karatasi, juzi nimepita nimemkuta bado yuko Januari.