Kadi mpya, lakini pawa saplai kwanza

Anayenunua kompyuta ya mezani ya Dell OptiPlex 9020 ya mtumba, lile kasha la kusimama, swali lake huwa moja: aweke kadi gani ya picha? Kila nikilitafakari narudi palepale: fungua kasha usome kibandiko cha pawa saplai, lile boksi la kulisha kompyuta umeme, kabla hujatoa hela ya kadi.

Iliyotoka nayo kiwandani ni ya wati 290, na haina waya wa pini 6 wala 8 wa kulisha kadi. Sloti yenyewe, pale kadi inapochomekwa, hutoa wati 75 tu. Kadi ya GTX 1650 isiyo na tundu la umeme itakaa humo bila kubadilisha kingine, na kwa wengi ingetosha, ila hawapendi kuambiwa hivyo. Kadi kubwa zaidi, RTX 3060, inakula wati 170, na Nvidia, wenye kuiunda, wanashauri pawa saplai ya wati 550.

Hapo ndipo watu wanapouziwa adapta ya kugeuza plagi ya SATA, ile ya kulisha diski, kuwa ya pini 8. Usiinunue. Plagi ya SATA kwenye laini ya volti 12 inahimili kama wati 54, wakati ya pini 8 imekusudiwa 150. Plastiki huanza kulainika, kisha harufu.

Namba kubwa ya kwenye boksi nayo isikubabaishe. Tafuta safu ya volti 12 kwenye kibandiko, uzidishe ampea kwa 12. Imeandikwa "600W" lakini ina ampea 25? Hizo ni wati 300. Na kama nyuma kuna swichi nyekundu ya 115/230, iwe kwenye 230 kabla ya kuchomeka ukutani. Ikiachwa 115 kwa umeme wetu, inalipuka papo hapo.

Kufunga si kazi kubwa. Chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 ili chaji iliyobaki iishe, kisha fungua skrubu nne za nyuma. Pawa saplai ya kawaida ya ATX (umbo la kompyuta nyingi za mezani) inaingia, ila mazabodi, ubao mkuu wa ndani, ya Dell huyu inapokea plagi ya pini 8, si 24, kwa hiyo nunua adapta yake mapema. Ya zamani usiifungue. Kapasita zake, vipande vya kuhifadhi chaji, hubaki na umeme. Na kama mpya ina nyaya za kuchomoa, tumia zilizokuja nayo pekee. Za kampuni nyingine huweza kuingia vizuri kabisa, lakini mpangilio wa volti ukatofautiana, na hapo diski zinaungua.

Pima nafasi ya kadi kwa rula hadi kwenye kizimba cha diski; matoleo ya feni moja ndiyo salama. Isukume kwenye sloti ndefu iliyo karibu na prosesa mpaka klipu ilie, kisha kaza skrubu. Waya wa monita uhamie kwenye kadi. RTX 3060 haina tundu la VGA, lile la zamani la monita, kwa hiyo wenye monita za zamani watahitaji kigeuzi chenye saketi ndani, si waya mtupu.

Ukishaweka draiva (programu ya kuendesha kadi), endesha gemu zito nusu saa. Mashine ikizima ghafla kama umeme umekatika, shuku pawa saplai. Ikibaki inawaka huku skrini imejaa vidoto na mistari ya rangi, shuku kadi.