Genge la mwamba linalojificha kati ya kontua mbili

Jangwani hakuna msitu wa kufunika umbo la nchi, kwa hiyo ramani ya topografia inasomeka vizuri mno. Anza pembeni mwa karatasi: skeli, mwaka wa upimaji, na kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja, zinapishana kwa mita ngapi. Kwenye skeli ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1, na mara nyingi kontua hupishana kwa mita 20.

Mita hizo 20 ndizo za kuogopa. Genge, yaani ukuta wima wa mwamba, la mita 15 linaweza kukaa kati ya kontua mbili lisionekane kabisa, ukafika ukingoni ukakosa pa kushukia. Mkondo mkavu ukizikunja kontua kuwa V nyembamba na kali, tarajia kuta wima. Vukia pale V inapopanuka, hata ukizunguka kilomita 2. Ncha ya V bondeni huelekea mkondo unakotoka. Kwenye mgongo wa mlima huelekea chini.

Mteremko upime kwa rula. Ukipanda mita 100 ndani ya milimita 5 za ramani, yaani mita 250 za ardhi, huo ni mwinuko wa karibu nyuzi 22. Kwa aliyebeba maji juu ya changarawe legevu, ni kazi nzito.

Mdomoni mwa korongo kontua huvimba kuelekea chini, moja baada ya nyingine, kama mawimbi ya jiwe lililotupwa majini. Hapo mafuriko yamemwaga mzigo wake: mawe makubwa karibu na mdomo, mchanga mbali zaidi. Usipige hema hapo. Fuatisha kwa penseli migongo inayozunguka mkondo uone unakusanya maji kutoka wapi, maana mvua inaweza kunyesha kilomita 30 juu yako na kwako anga ikawa nyeupe.

Mchanga usiuamini. Matuta yenye umbo la hilali, ambayo pembe zake huelekea upepo unakokwenda, huhama. Madogo husogea hata makumi ya mita kwa mwaka. Ili ujue ulipo, pima dira kwenye vilele viwili vya mwamba vinavyopishana kwa karibu nyuzi 90, ukisharekebisha tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya ramani. Ukisahau nyuzi 10 tu, baada ya kilomita 6 utakuwa umepotoka kilomita 1 nzima. Na alama ya buluu ya chemchemi inaeleza hali ya mwaka wa upimaji. Maji ya leo yabebe mwenyewe.